Siku Kumi Mkumbara: Tulichokwenda Kutoa na Tulichorudi Nacho



Wengi wenu mlituuliza tulipotelea wapi mwezi wa Shaabani, mbona kimya, na bi harusi wetu mbona karudi mweusi namna ile wakati harusi yake Mfungo Mosi. Leo tunakaa kitako tuwasimulie. Tumechelewa kwa sababu kuna mambo yalitutia haya kuyaandika, na kuna mtoto wa watu ndani ya hadithi hii ambaye ilibidi kwanza tumuombe ruhusa yeye na mamake. Wameturuhusu. Jina lake hatulitaji, na mambo madogo madogo tumeyabadilisha ili asijulikane.

Tulikuwa wanawake watano kutoka Unguja. Wanne tumeolewa, wa tano ndiye bi harusi wetu. Shangazi wa mmoja wetu aliolewa Mkumbara, wilaya ya Korogwe, zaidi ya miaka thelathini sasa. Mwaka jana alikuja Unguja kwenye msiba, akakaa mpaka arubaini ikasomwa. Jioni moja tunamenya vitunguu naye, akatuambia kuwa huko kwao kuna watoto wa kike hawaendi skuli siku zao za hedhi, kwa kuwa hawana cha kujistiri. Alilisema kama mtu anavyosema jua ni kali. Sisi hatukulala.

Basi tukaanza. Tukawazungukia mafundi cherahani wa Mlandege na Darajani kuomba mabaki ya vitambaa. Tukakusanya flaneli nyeupe, uzi, vishikizo, sabuni, na cherahani moja ya mkono. Tukajifunza kushona pedi za kitambaa zinazofulika. Mabegi yakafika sita. Tukajiona, wallahi, tukajiona.

Safari ya wanawake si jambo la kufumbia macho, tunajua mtauliza. Kaka wa mmoja wetu alifuatana nasi kwenda na kurudi, na waume zetu waliridhia. Aliyetusumbua ni mama wa bi harusi. "Mwari anatakiwa kuwekwa ndani apakwe singo, nyinyi mnampeleka Korogwe akachomwe na jua?" Ikabidi tumuahidi kuwa atarudi kabla ya Ramadhani na kwamba singo litapigwa mara mbili. Akaachia, huku akitikisa kichwa.

Tukapanda boti Malindi, tukalala Dar es Salaam, alfajiri tukaondoka na basi la Arusha. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Mombo wanashuka wa Lushoto, na ile hewa ya mlimani wanaondoka nayo wao. Sisi tukaendelea kwenye joto. Ukipita Mazinde, mkono wa kulia milima ya Usambara imesimama kama ukuta, juu kijani, juu mawingu. Mkono wa kushoto ni bonde la Mkomazi, kweupe, migunga na mibuyu na vumbi. Mvua inanyesha kule juu, wewe uliye chini unaitazama tu.

Mkumbara yenyewe si pori. Iko kandoni mwa barabara kuu, malori yanapita usiku kucha, na reli ya Tanga kwenda Moshi inapita hapo hapo. Lakini kitongoji cha shangazi kiko ndani, kuelekea bondeni, mwendo wa bodaboda mpaka kiuno kiseme basi. Tuliwakuta Wasambaa, Wazigua, Wapare, na Wamasai na ng'ombe wao. Wanawake wengi ni Waislamu kama sisi, na adhana ilitupokea kabla ya shangazi. Hata hivyo tulijiona wageni hasa. Asubuhi tukiamkiwa "onga makeo", tunabaki kuchekacheka kama watoto.

Darasa letu la kwanza

Siku ya pili shangazi aliwaita wanawake na wasichana chini ya mwembe wake. Walikuja kama thelathini. Tukatandika jamvi, tukapanga pedi zetu nyeupe pee, nene, zimeshonwa tabaka nne, pembezoni zimedariziwa. Mmoja wetu akasimama kusomesha. Akaeleza usafi, akaeleza tohara, akaeleza namna ya kuziroweka kwa maji baridi, kuzifua kwa sabuni, kuzisuuza mara mbili na kuzianika juani. Wakasikiliza kwa adabu kubwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Tukafikiri wamefahamu.

Mwisho bibi mmoja, aliyekuwa amekaa kwa nyuma anasuka ukili, akainua kichwa. "Wanangu, vitu vyenu ni vizuri. Sasa hayo maji ya kufulia mtakuwa mnayaleta nyinyi?"

Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini jua lilikuwa limetuingia usoni kweli.

Siku hizo kiangazi kilikuwa kikali. Bomba la kitongoji lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine wanawake wanakwenda kuchota mbali, ndoo ya lita 20 kichwani, kwenda na kurudi saa nzima na zaidi. Ndoo hiyo moja ni ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadhia, ya kuoga mtoto. Sisi tulikuja na kitu cheupe, kinene, kinachotaka kusuuzwa mara mbili. Isitoshe, kitambaa cha tabaka nne hakikauki upesi, na msichana gani ataanika kitu kama hicho uani mbele ya kakake? Ataficha chini ya kitanda, kitakaa na unyevu, atakivaa hivyo hivyo, na hapo ndipo muwasho na maradhi yanapoanzia. Tulijifunza kushona Unguja, karibu na bomba letu. Hatukumuuliza mtu wa Mkumbara hata swali moja.

Kulikuwa na jingine. Tukiwa darasani mmoja wetu alikuwa akipiga picha kwa simu, tuje kuwaonyesha nyinyi. Msichana mmoja akajifunika uso na mtandio. Hatukulitia maanani. Usiku shangazi akatuita.

Akatuambia kuwa zamani, wakati wa Mjerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, palijengwa njia ya kamba za chuma kutoka Shume, kule juu mlimani, mpaka hapa Mkumbara. Magogo ya mwerezi yalikuwa yakining'inia yakiteremka kutoka mlimani, yanapakiwa kwenye treni, yanakwenda zao Tanga baharini. "Wageni wa kuja kuchukua tumewazoea," akasema. "Mimi niliwaambia watu kuwa nyinyi ni wageni wa ule msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msiniaibishe."

Picha tukazifuta usiku ule ule, zote, yeye akitazama. Ndiyo maana leo hamuoni picha hapa.

Dada zetu, tulilala na swali moja. Kama zile picha zilikuwa na umuhimu kwetu kiasi kile, basi safari ile tuliifanya kwa ajili ya nani? Kila mmoja wetu alisoma habari ya nia tangu chuoni, akiwa mdogo. Kuisoma ni jambo jepesi.

Kushona upya

Kesho yake hatukusomesha. Tulimfuata yule bibi wa ukili, tukamwomba atufundishe. Akatuonyesha walivyofanya enzi zake. Kipande cha kanga kuukuu, cheusi au chekundu kilichokolea, kinakunjwa na kukunjuliwa. Kikikunjwa ni kinene, kikikunjuliwa ni chepesi, kinafulika kwa maji kidogo na juani hakimalizi asubuhi. Kasoro yake ni moja tu, hakikai mahali pake mtoto akikimbia.

Basi hapo kazi ikapatikana. Tukashona kishikilio chembamba chenye mabawa mawili na kishikizo, na juu yake kile kipande cha kanga kinachokunjwa kinapachikwa. Kishikilio hakichafuki sana, kipande ndicho kinachofuliwa. Kuhusu kuanika, wasichana wenyewe walitoa jawabu. Unatandaza kipande kwenye kamba, juu yake unatandaza kanga nyepesi, jua linapenya na haya inabaki. Flaneli yetu nyeupe ikaishia kuwa nepi za watoto wachanga, na ilipendwa kweli kweli.

Katika siku nne zile tulijifunza kunyamaza. Ukikaa na cherahani ukinyamaza, watu wanazungumza.

Siku ya hina

Bi harusi wetu ana mkono wa hina unaosifika. Siku ya saba wanawake wakamwomba awapake. Ikawa furaha, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mimi siwezi. Nikikaa na mikono mibichi saa zima, nani atachota maji?" Na wenzake wakaanza kuinuka, mmoja mmoja.

Tukatazamana. Tukachukua ndoo.

Wanne tukaenda kuchota, bi harusi akabaki kupaka. Hatukuwa tunajua kubeba kichwani. Tulirudi tumerowa mpaka viunoni, ndoo nusu, shingo zimekakamaa, watoto wanatufuata nyuma wanachekelea. Tukaenda tena, na tena. Nyuma yetu, chini ya mwembe, wanawake wamekaa wamenyoosha mikono mbele yao, hawana la kufanya. Shangazi alituambia baadaye kuwa katika miaka yake yote pale hajapata kuwaona wote wamekaa mchana. Wengine walisinzia huku mikono imenyooka vile vile. Kwa yote tuliyoyafanya Mkumbara, tunadhani hilo ndilo lililokuwa sadaka. Halikuwa na begi wala somo.

Na hapo ndipo yule msichana, yule aliyejifunika uso siku ya picha, alipokaa kwa bi harusi wetu. Ana miaka kumi na sita. Aliacha skuli akiwa kidato cha pili. Akanyoosha mkono, akauliza taratibu, "Dada, huyo bwana wako ulimtaka mwenyewe au walikutakia?"

Bi harusi akamjibu kuwa aliulizwa na ameridhika, na ni kweli.

"Na mahari ulitaja mwenyewe?"

Bi harusi wetu akanyamaza. Mahari yake aliitaja ami yake kwenye kikao cha wanaume. Yeye aliisikia siku ya pili, kwa jirani.

Msichana akasema, "Na mimi yangu nimeisikia tu."

Usiku, sisi wanne tulioolewa tukaulizana. Ni mmoja tu aliyetaja mahari yake kwa kinywa chake. Watatu tuliletewa habari. Hakuna aliyetudhulumu, wazee wetu walitutakia kheri. Lakini mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, ni mali yake, na hili tunaliandika kila mwaka msimu wa harusi ukifika. Ikabidi twende mpaka Mkumbara, tuulizwe na mtoto wa miaka kumi na sita, ndipo tujione kuwa tulikuwa tunaliandika kwa ajili ya wengine.

Habari ya yule msichana

Damu zetu zilichemka, tunakiri. Mmoja wetu anafanya kazi kwa mwanasheria, akataka asubuhi ile ile twende kushitaki. Na sheria ipo ya kuzungumzia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya Bara na haihusu Zanzibar, iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo na kutaka umri uwe miaka 18 kwa wote. Na tangu 2016 kumuoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30.

Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi keshokutwa mnapanda basi. Yeye analala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Shangazi akatuomba tumuachie yeye. Alikwenda kwa mama wa msichana, peke yake, na kikapu cha mahindi, kwa mazungumzo ya wanawake. Akakuta kuwa mama hakuwa ameridhika, ila hana pa kusemea. Baba hakuwa mtu mbaya. Mifugo yake ilikufa kwa ukame, na posa ile ilikuwa na pesa ndani yake ambazo nusu zishaliwa. Wakaenda kwa imamu wa msikiti wao, imamu akamwita baba akazungumza naye kwa upole baada ya Isha. Kisha mtendaji wa kijiji akaelezwa naye akatia neno lake, na neno la mtendaji lina sheria nyuma yake.

Tulipoondoka posa ilikuwa imesimamishwa, haijavunjwa. Tunawaambieni hivi kwa sababu tungependa kuwapa mwisho mzuri zaidi, lakini huo ndio uliopo. Hadi tunaandika, baba amerejesha sehemu ya pesa, na msichana yuko kwenye baraza ya shangazi na ile cherahani ya mkono, anashona vishikilio na sare za skuli. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu walioacha skuli kwa sababu mbalimbali, hata kwa ujauzito, warudi kusoma. Shangazi anafuatilia arudi Januari. Tuombeeni dua.

Na bi harusi wetu

Alirudi Unguja mweusi, na mamake akalia kidogo. Wiki ile ile, kabla ya Ramadhani kuandama, alikwenda kukaa na babake peke yao baada ya Alasiri. Tulikuwa naye mpaka mlangoni, mikono imemganda baridi. Alimwambia kwa adabu kuwa anamshukuru ami, na mume amemridhia, lakini mahari angependa aitaje yeye. Na kwamba ana mwaka mmoja umebaki wa stashahada yake, angependa lisemwe kabla ya akdi kuwa ataumaliza.

Baba alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Akamjibu, "Sikujua kama naweza."

Bwana harusi alipopelekewa habari alikubali yote mawili siku ile ile. Mahari ikawa cherahani ya umeme na pesa kidogo, chini ya zile zilizotajwa kwanza. Na sherehe ya ukumbini ya usiku wa pili, ile ambayo babake alikuwa ameshaanza kuikopea, bi harusi mwenyewe aliifuta. Zilizookolewa, sehemu alilipia babake deni, na sehemu tukaichanganya na michango yetu, tukapeleka Mkumbara tangi la lita 2,000 na mifereji ya kukinga maji kwenye bati la chuo cha watoto. Tangi lilifika masika yanaishia, likapata maji nusu. Sasa linangoja vuli.

Kwa anayetaka kwenda

Dada, kama umepata hamu ya kujitolea mahali, Mkumbara au pengine popote, haya ndiyo tuliyoyalipia sisi:

1. Usiende mahali ambapo huna mwenyeji. Bila shangazi tungefanya madhara tukaita kheri.
2. Uliza kabla ya kushona, kabla ya kununua, kabla ya kufunga begi. Anza na swali la maji.
3. Chukua chakula chako. Siku ya kwanza tulichinjiwa kuku, na baadaye tukajua alikuwa ndiye anayetaga. Siku zilizobaki tulinunua unga na maharage sokoni, tukala bada na mchicha pamoja nao.
4. Acha simu mfukoni.
5. Ukiona dhuluma, mtafute kwanza mwanamke wa pale pale ambaye ataendelea kuwapo utakapoondoka, usimame nyuma yake.
6. Zungumza na familia yako, nenda na mtu wako, nenda na ruhusa. Safari iliyoanza kwa ugomvi nyumbani haina raha.

Na wewe bi harusi unayesoma huku singo limekukauka mwilini, tuna swali moja tu, na si letu, ni la yule msichana. Mahari yako umeitaja mwenyewe? Kama bado, babako yuko hapo sebuleni. Mwendee baada ya Alasiri, umpelekee na chai.

Allah atutakabalie, atusamehe tuliyoyakosea, awape maji watu wa Mkumbara, na amfungulie mlango mtoto yule. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.